Programu Iliyofaulu Kila Mtihani

Shangazi wa nesi alikuwa amelikalia benchi la kituo cha polisi tangu kulipopambazuka. Alipomwona Inspekta anaingia, alisimama na chupa yake ya chai mkononi, akamzibia njia.

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Mimi ndiye mwenye kesi ya mtoto wako."

"Afadhali nimepata wa kumwambia. Huyu mtoto amesomea kuchoma sindano na kuosha vidonda vya watu asiowajua, na hajawahi kumdhuru hata mende. Mashine imemuua mzee wa watu, nyinyi mnamkamata aliyekuwa amesimama karibu na mashine. Kitanda nacho mbona hamkukikamata? Si kilikuwa karibu zaidi?"

Koplo wa zamu aliinamisha kichwa nyuma ya kaunta akajifanya anatafuta kalamu. Inspekta hakucheka.

"Kaa, shangazi. Sijamaliza kazi."

"Hujamaliza, na mchana wanampeleka mahakamani."

"Ndiyo maana nimewahi."

"Vijana wako wanasema unaitwa Kupe, ukishika huachii. Basi mshike anayestahili."

Inspekta alimkata Koplo jicho moja tu, na Koplo akaipata kalamu yake papo hapo.

Mambo yalikuwa hivi. Dereva wa treni aliyestaafu alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akalazwa na kuunganishwa na pampu inayompa dawa ya maumivu tone kwa tone. Pampu ile inaongozwa na programu ya kompyuta. Nesi anaingiza uzito wa mgonjwa na kiasi alichoandika daktari, mashine inapiga hesabu, kisha inatoa. Siku ile ilimmwagia mzee dozi ya kumlaza ng'ombe, akaacha kupumua. Kampuni iliyotengeneza programu ilileta ripoti nene yenye jalada la kung'aa. Ilisema nesi alikosea kubonyeza, na kwamba programu yao imefaulu majaribio yote. Mpelelezi wa kwanza aliisoma ripoti, akamfunga nesi pingu akiwa na sare yake. Inspekta alikabidhiwa jalada la kesi baadaye. Alikwenda wodini, akaifunga pampu ile ile kwenye mfuko wa maji, akaingiza tarakimu zile zile, na pampu ikatoa maji sawasawa kama malaika. Kwa hiyo hata yeye alikuwa hana cha kumtetea nacho yule binti.

Nesi aliletwa chumba cha mahojiano. Alikaa, akaweka mikono mezani, viganja juu.

"Anza tena," Inspekta alisema.

"Nimeanza mara ngapi? Nyinyi mnataka niseme mpaka nijikwae."

"Nataka useme polepole. Uliingiza uzito?"

"Niliingiza."

"Ukaingiza dozi."

"Nikaingiza. Kama alivyoandika daktari. Nikaisoma mara mbili, hiyo ndiyo kawaida yangu."

"Kisha?"

"Kisha mwenzangu wa zamu iliyokwisha akarudi mbio kutoka mlangoni. Akasema yule mzee walimpima akiwa kwenye kiti cha magurudumu, wakasahau kutoa uzito wa kiti. Nikabonyeza kitufe cha kurudi, nikarekebisha uzito. Taa ikawaka kijani, nikaanzisha."

Inspekta aliacha kuandika.

"Ulirekebisha uzito."

"Ukawa mdogo! Uzito umepungua, dawa inatakiwa ipungue. Mimi ningeuaje mtu kwa kupunguza?" Sauti yake ilipanda ikagonga dari. "Nilimwambia yule askari wenu. Akaandika nimebonyeza tena. Nikamwambia andika uzito, akaniambia nisimfundishe kazi."

Inspekta alifungua jalada, akatafuta maelezo ya kwanza. Yalikuwepo, kwa mwandiko wa haraka: mshukiwa alikiri kuibonyeza mashine kwa mara ya pili. Neno uzito halikuwepo popote. Alichukua karatasi safi, akaandika yote upya, akamsomea, nesi akatia saini. Karatasi ile hakuiweka ndani ya jalada. Nakala za jalada zilikuwa zimeshafika kwa wakili wa kampuni, na Inspekta alitaka kuwa na kitu kimoja ambacho hakijapita mikononi mwa watu. Aliikunja akaitia ndani ya mkoba wake, kando ya kitabu chake cha sala.

"Umemweleza nani mwingine habari hii?"

"Nani anayeniuliza humu ndani?"

"Na mwenzako?"

"Alijifungua wiki ile ile. Yuko kwao, simu hashiki."

"Vizuri. Usimwambie mtu. Hata shangazi."

"Shangazi nikimwambia itakuwa taarifa ya habari," nesi alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo.

*

Ofisi ya Bi Rula ilikuwa mwisho wa korido ya chuo kikuu, chumba chenye feni inayogongagonga na ubao mweupe ambao haukuwahi kufutika vizuri, hivi kwamba maandishi ya mwaka juzi yalionekana chini ya maandishi ya leo. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu maisha yake yote alikuwa anapima. Wengine hutafiti mvua na mbegu, yeye aliupata udaktari wake kwa kutafiti programu za kompyuta: ipi imejengwa vizuri, ipi imejengwa ovyo, na utajuaje kabla haijamwangukia mtu. Inspekta alikuwa amempelekea nakala ya programu ya pampu kwa amri ya mahakama. Alimkuta amesimama, kiti kimesukumwa hadi ukutani.

"Inspekta, hawa watu ni washenzi."

"Nieleze nielewe, Daktari. Mimi si mtu wa kompyuta."

"Na usiwe. Njoo uone." Aliigeuza skrini. "Programu ni maelekezo. Fanya hiki, kisha hiki. Mara inafika mahali inauliza: ikiwa hivi, pita huku, kama sivyo, pita kule. Hiyo ni njia panda. Mimi nahesabu njia panda. Kipande kimoja cha programu kikiwa nazo nyingi mno, hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kukishika chote, na hapo ndipo makosa hujificha. Kikizidi, kipimo changu kinakipa alama nyekundu. Maana yake ni njoo hapa, kaa chini, chunguza."

"Na hawa hawakuchunguza?"

"Hawa walikata." Alifungua madirisha mawili kwenye skrini, moja kando ya jingine. "Hii ya kushoto ni programu yao ya zamani. Kipande kimoja kirefu, kibaya, njia panda tele. Mimi mwenyewe ningekipa nyekundu. Lakini tazama mwisho wake. Hapa. Pana swali moja: dozi hii imezidi kiwango cha juu? Ikizidi, simama, piga kelele. Uje kwa njia yoyote ile, lazima upite mlango huu kabla dawa haijatoka."

"Na ya kulia?"

"Ya kulia wameicharanga vipande vidogo vidogo. Kila kimoja kina njia panda mbili tatu. Kila kimoja kimepata kijani. Ni kama kuku aliyekatwakatwa, Inspekta. Kila kipande ukikitazama ni kizuri, ila kuku hatembei tena."

Inspekta alivuta kiti kutoka ukutani, akakaa karibu na skrini.

"Lile swali la mwisho limekwenda wapi?"

"Limebaki upande mmoja. Ukienda mbele moja kwa moja, unalikuta. Ukirudi nyuma kurekebisha kitu, unapita njia ya pembeni na hulikuti. Tena kuna ubaya juu ya ubaya. Ukirekebisha, mashine inapiga hesabu upya, lakini inaanzia kwenye jibu la mwanzo badala ya kiasi alichoandika daktari. Inazidisha kilichokwisha zidishwa."

"Kurekebisha kitu gani?"

"Chochote kati ya vile inavyoruhusu. Jina la mgonjwa, muda, aina ya dawa, uzito."

Feni iligonga, ikagonga tena. Inspekta alikumbuka mfuko wake wa maji kule wodini. Alikuwa ameingiza tarakimu kwa utaratibu, mbele moja kwa moja, bila kukosea hata mara moja. Pampu haikuwa na sababu ya kumwonyesha kitu.

"Kwa nini mtu afanye hivi?" aliuliza.

"Kwa sababu bodi inayonunulia hospitali vifaa ilitangaza kuwa haitanunua programu yenye alama nyekundu hata moja. Kwa kipimo changu!" Bi Rula alipiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka. "Mimi nilitengeneza kipimajoto. Wao wakakichovya kwenye maji baridi, wakasema homa imeshuka. Na jina langu wamelibandika kwenye matangazo yao kama jina la sabuni."

"Lakini ripoti inasema walifanya majaribio na yote yakafaulu. Hakimu atanisomea ukurasa huo."

"Majaribio nimeyaona." Alianza kukusanya vitu vyake na kuvitupia mkobani. "Sitakueleza. Nitakuonyesha mbele yao, niwaone sura."

"Utakwenda, lakini kwa sharti. Ukiongea nao, sema kurudi nyuma, basi. Usitaje mtu anarudi kurekebisha nini. Hata kimoja kati ya vile vinne."

Bi Rula alimtazama. "Una kitu."

"Nina karatasi moja tu. Twende."

*

Kampuni ilikuwa na jengo la vioo na maua ya plastiki yaliyopanguswa vumbi. Ukutani mwa chumba cha mikutano palikuwa na skrini kubwa imejaa nukta za kijani, safu juu ya safu, kama shamba la mboga. Mkurugenzi alimpa mkono Bi Rula kwa heshima zote, kwa Inspekta akapunga kidogo tu.

"Nimesikia kituoni wanakuita Kupe," alisema akitabasamu.

"Wananiita hivyo mgongoni. Wewe umethubutu usoni, hongera."

Tabasamu lilikwenda lilikokwenda. Pembeni yake alikaa mwandishi mkuu wa programu, mtu mwembamba aliyeitwa Miwani na wenzake, na kucha zake zilikuwa zimetafunwa mpaka nyamani. Tangu Bi Rula alipoingia, alikuwa hajainua macho.

"Kama mnavyoona," Mkurugenzi alisema akionyesha skrini, "hayo ni majaribio yetu. Kila nukta ni jaribio moja. Kila mstari wa programu umepitiwa. Bodi ilidai hivyo na sisi tumetimiza. Kwa kweli nasikitika kwa mzee yule, Mungu amrehemu, lakini tusiitafutie mashine dhambi ya mtu."

"Naomba kompyuta yenye programu hiyo," Bi Rula alisema. "Nakala ya mazoezi, isiyofika hospitali."

Mkurugenzi alimtazama Miwani. Miwani alisukuma kompyuta yake mezani.

Bi Rula aliketi. "Inspekta, sogea. Huu ndio mstari unaouliza kama dozi imezidi kiwango. Mlinzi wa mwisho. Unakubaliana nami, Mkurugenzi, kwamba huu mstari ni muhimu?"

"Ni moyo wa usalama wetu."

"Naufuta."

Aliufuta. Kisha akayaanzisha majaribio. Nukta za ukutani zilizimika, halafu zikaanza kurudi moja moja, kijani, kijani, kijani, mpaka shamba lote likajaa tena.

Miwani alifumba macho.

"Haiwezekani," Mkurugenzi alisema. "Labda haijahifadhiwa."

"Imehifadhiwa. Tuendelee. Hapa panazidishwa uzito kwa dozi. Nabadili, badala ya kuzidisha ijumlishe." Alibonyeza. Kijani, kijani, kijani. "Inspekta, sasa wewe."

"Mimi sijui kuandika hayo mambo."

"Ndiyo raha yake. Panaposema dozi, futa, andika namba yoyote unayotaka."

Inspekta aliinama, akaandika kwa kidole kimoja tarakimu tisa, tisa, tisa, tisa, akaacha kidole chake kwenye kitufe mpaka mstari ukajaa. Bi Rula alianzisha majaribio. Ukuta mzima ukawaka kijani. Mashine ilikuwa imeambiwa immiminie mgonjwa pipa la dawa, na mitihani yote ilikuwa imesema safi.

Bi Rula aligeuka na kiti chake.

"Majaribio yenu yanapita kwenye kila mstari, basi. Hayaulizi jibu! Ni mtihani ambao mwanafunzi anaingia chumbani, anakaa kwenye dawati, anatoka, mnampa mia kwa mia. Hakuna aliyetazama karatasi yake! Hili halitokei kwa bahati mbaya. Mtu amekaa hapa akayaandika hivi kwa makusudi, jaribio baada ya jaribio, ili hesabu ya bodi itimie!"

"Daktari, tusipandishe sauti."

"Nitapandisha! Mtu amekufa!"

Inspekta aliacha kelele zipite. Alikuwa anamtazama Mkurugenzi viatu. Kiatu kimoja kilikuwa kimeanza kugonga sakafu, taratibu, kama mtu anayesikiliza muziki.

"Tuseme majaribio yana upungufu," Mkurugenzi alisema baada ya kupata pumzi. "Nitalifuatilia ndani ya kampuni, na aliyehusika ataeleza." Alimtupia Miwani jicho. "Lakini upungufu wa majaribio haujamuua mtu. Ukiifuata mashine kwa utaratibu inafanya kazi. Wewe mwenyewe Inspekta uliijaribu, ikakupa jibu sahihi."

"Ni kweli. Ilinipa."

"Kwa hiyo kosa ni la yule binti. Aligundua amekosea uzito, sawa, afute kila kitu aanze upya. Nani alimtuma kurudi nyuma kuchokonoa?"

Kiatu kilikuwa kimeacha kugonga.

"Rudia," Inspekta alisema.

"Nirudie nini?"

"Alikosea nini?"

"Si hiyo... tarakimu. Uzito."

"Nani amekuambia habari ya uzito?"

"Imo kwenye jalada."

"Jalada ninalo hapa, na wakili wako ana nakala." Inspekta alilitoa, akalisukuma katikati ya meza. "Nionyeshe. Nitasubiri."

Mkurugenzi alifungua. Alifunua kurasa moja baada ya nyingine, akarudi mwanzo, akafunua tena. Hakuna aliyemsaidia. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo.

"Basi nitakuwa nimekisia. Mtu mwenye uzoefu anakisia."

"Daktari, mashine inaruhusu kurekebisha vitu gani?"

"Jina," Bi Rula alisema, na sasa sauti yake ilikuwa baridi. "Muda. Aina ya dawa. Uzito."

"Umekisia kimoja kati ya vinne, na umekipata," Inspekta alisema. Akaitoa ile karatasi iliyokunjwa, akaifungua polepole. "Nesi alinieleza asubuhi hii, na nimeitembeza ndani ya mkoba wangu mpaka hapa. Aliyekuwa anajua kabla yangu, alijua kwa sababu ameshawahi kuliona kosa hili. Wapi?"

"Sina la kuongeza bila wakili."

"Haki yako. Wewe je?" Alimgeukia Miwani.

Miwani alivua miwani yake. Bila miwani alionekana mtu mzima kuliko alivyodhaniwa.

"Bosi, mwambie."

"Nyamaza."

"Mwambie, au nitamwambia mimi."

"Nimesema nyamaza! Nani anakulisha hapa?"

"Ilitokea hospitali nyingine," Miwani alisema, akimwangalia Inspekta peke yake. "Mama aliyejifungua kwa upasuaji. Walimwandikia uzito wa kabla hajajifungua. Wakarudi nyuma, wakarekebisha, pampu ikaanza kummiminia. Nesi wa pale alikuwa bado amesimama hapo, akaona, akachomoa mrija. Mama akapona. Walitupigia simu. Nilikwenda ofisini kwake siku hiyo hiyo. Nikamwambia nimelipata kosa, lilitokea tulipokikata kile kipande, tukirudishe kama kilivyokuwa. Akaniambia kikirudi kitakuwa chekundu, na bodi iko njiani kuja kukagua."

"Huna ushahidi," Mkurugenzi alisema.

"Hospitali ipo. Yule nesi yupo, namba yake ninayo. Alinitukana matusi ambayo sijayasahau."

"Na hayo majaribio matupu aliandika nani?" Inspekta aliuliza.

Miwani aliikunja miwani yake. "Mimi."

"Na kipande alikikata nani?"

"Mimi. Aliniambia nataka kijani, sitaki maelezo."

"Ukampa kijani. Halafu mtu akafa, na yule binti akafungwa pingu, na wewe ulikuwa unakuja hapa kila asubuhi kutafuna kucha. Ulikuwa unamsubiri nani aje akuulize?" Sauti ya Inspekta haikupanda, lakini Bi Rula mwenyewe alirudi nyuma kidogo kwenye kiti. "Usinitazame kama umeniletea zawadi. Mungu alikuona kabla yangu. Vaa koti lako, unakuja na mimi. Lakini kabla ya hapo, hizo pampu ziko wapi sasa hivi?"

"Hospitalini."

"Hospitali gani?"

"Zote zilizonunua. Zinafanya kazi."

"Zizimwe."

"Hapana," Mkurugenzi alisema akisimama. "Hapana, hapana. Nikitoa tangazo leo, nimekiri. Kampuni inakufa leo leo. Nipeni mpaka wakili wangu aione taarifa, tutairekebisha kimyakimya, hakuna atakayejua..."

Hakumaliza. Inspekta alikuwa ameshazunguka meza, akamshika kiwiko kama mtu anayemvusha mzee barabara, na pingu zikalia.

"Andika tangazo," alimwambia Miwani. "Kwa kila hospitali. Weka jina lako chini."

Miwani aliivuta kompyuta. Vidole vyake vilikuwa vinakosea herufi. Nyuma yake, ukutani, nukta zote zilikuwa bado zinawaka kijani, na Bi Rula aliinuka akang'oa waya wa ile skrini kutoka ukutani kwa mikono yake miwili.

*

Gari la kupeleka mahabusu mahakamani lilikuwa limeshawashwa Inspekta alipoingia uani. Alilisimamisha kwa kusimama mbele yake. Mwendesha mashtaka alitoka akiwa na hasira, akasoma maelezo ya Miwani hapo hapo juu ya boneti. Alipofika mwisho, alirudi ndani kupiga simu, na baadaye kidogo Koplo akaja na funguo.

Nesi alishuka kwa mlango wa nyuma wa gari, akaletwa kaunta akisugua vifundo vya mikono. Shangazi alimrukia, chupa ya chai ikaanguka ikabingirika chini ya benchi. Alimshika uso, akamgeuza huku na huku kama anayekagua embe sokoni.

"Wamekupiga?"

"Hawajanipiga, shangazi."

"Bahati yao."

Nesi alimtazama Inspekta juu ya bega la shangazi yake. Inspekta alikuwa amejiandaa kusikia asante, au matusi. Hakusikia chochote kati ya hivyo.

"Zimezimwa?" nesi aliuliza.

"Tangazo limetumwa kwenye hospitali zote."

"Limetumwa kwa nani?"

"Kwa uongozi."

"Uongozi!" Nesi alijitoa mikononi mwa shangazi. "Uongozi saa hizi uko kikaoni. Nani amewaambia watu wa wodini? Shangazi, simu."

Alipiga wodini kwake. Ililia sana kabla haijapokewa. Inspekta alisogea, akasikia sauti ya mwanamke upande wa pili, na nyuma yake milio ya pampu, milio midogo ya kujirudiarudia.

"Ni mimi. Ndiyo, nimetoka. Acha kulia, nisikilize. Kuna pampu ngapi zinafanya kazi hapo? Kuna mtu amekuambia kitu? Hakuna. Sikiliza. Mtu asibonyeze kitufe cha kurudi. Zizime zote, mrudi kwenye dripu ya kawaida, mhesabu matone kwa macho." Akasikiliza kidogo. "Najua huna ruhusa. Najua. Wakikuuliza nani kasema, andika mimi nimesema. Andika jina langu lote. Zima."

Kule upande wa pili mlio mmoja ulikatika. Kisha wa pili. Wa tatu ulichelewa, nesi akafumba macho, nao ukakatika.

Alimrudishia shangazi simu yake. Akakaa kwenye benchi.

"Hata samahani hawajaniomba," alisema.

Shangazi aliinama, akaiokota chupa kutoka chini ya benchi, akaitikisa aone kama imevunjika. Kisha akakaa kando ya mtoto wake, akaweka mkoba mapajani, akamtazama Koplo, akamtazama Inspekta.

"Wataomba," alisema. "Mimi hapa siondoki."